Umeme Ulifika Kabla ya Fundi

Ukitoka Jinja, mashariki mwa Uganda, kwa barabara ya Kamuli unapita Buwenge, mji mdogo wa soko wenye maduka pande mbili za lami na mashamba ya miwa pande zote. Magharibi yake Mto Nile unashuka kuelekea Ziwa Kyoga, na katika sehemu hiyo ya mto, ndani ya miaka 65 tu, vimejengwa vituo vinne vya kuzalisha umeme: Owen Falls, ambacho leo kinaitwa Nalubaale, mwaka 1954, Kiira mwaka 2000, Bujagali, chenye megawati 250, mwaka 2012, na Isimba, chenye megawati 183, mwaka 2019. Sehemu chache za Afrika Mashariki zina nguvu nyingi kiasi hiki za kuendesha mashine. Lakini kila kituo kilipojengwa, kandarasi kuu ilikwenda kwa kampuni ya ng'ambo iliyokuja na wahandisi na mafundi wake wakuu, na vijana wa vijiji vya karibu wakachukuliwa kwa kazi ya koleo na karai. Hali hiyo haikutokana na uvivu wala na kukosa akili. Ina historia yake, na hoja yangu ni kwamba kiini cha historia hiyo ni kimoja: kwa zaidi ya miaka 100 Busoga, eneo ilipo Buwenge, na nchi jirani hadi Mbale zimepewa shule za kalamu na viwanda vya chuma, lakini kile kinachounganisha viwili hivyo, yaani chuo cha ufundi kilicho karibu na nyumbani, chenye mlango wazi kwa mtoto wa mkulima na ngazi ya kupandia juu, kilikosekana, au kilianzishwa kisha kikaondolewa.

Si kweli kwamba ufundi uliletwa na reli. Wasoga wa pwani ya Ziwa Viktoria waliunda mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kazi inayodai hesabu ya macho na mkono, kwani ubao uliokatwa vibaya hauzibiki kwa maneno. Walitengeneza nguo kutoka magome ya mti, walifinyanga vyungu, na majembe yao ya chuma yalitoka kwa wahunzi, wakiwemo wale wa Samia upande wa mashariki. Mtoto alijifunza kwa kukaa karibu na mwenye kazi, mara nyingi jamaa yake, akianza kwa kushika kamba na kumaliza kwa kushika shoka. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu mmoja: uliishi ndani ya watu na mahali, haukuwa na nyumba yake. Malale yalipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, yakaua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na Buganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha walionusurika kutoka ukingo wa ziwa. Mtu aliyeondolewa ziwani hamfundishi mwanawe kushona mtumbwi. Nataja jambo hili mapema kwa sababu wengi husimulia habari za elimu ya ufundi kana kwamba ilianza kwenye ardhi tupu. Ardhi haikuwa tupu. Ilikuwa imetoka kupoteza walimu wake.

Katika miaka hiyohiyo maneno mawili ya Kiswahili yaliingia katika lugha za huku na hayajatoka hadi leo: karani na fundi. Karani alitoka misheni. Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule Kamuli mwaka 1911, ikaitwa ya Balangira, yaani wana wa watawala, na jina lenyewe linasema ilimlenga nani. Baadaye ilihamia kilima cha Mwiri karibu na Jinja, ikawa Busoga College, na miongoni mwa waliopita hapo ni Milton Obote. Karibu na Mbale, shule ya Nabumali ilikuwa imeanza kazi kama hiyo tangu mwaka 1900. Aliyemaliza huko alikuwa na njia iliyonyooka: ukarani, kisha uchifu wa gombolola, yaani kata, pengine wa saza, eneo kubwa zaidi, na mshahara wa kila mwezi. Fundi alikuja kwa njia nyingine. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini takriban 6,700 walibaki, na wengine wakawafuata. Wafua chuma, waashi na maseremala wa Kipunjabi, ambao Waswahili huwaita makalasinga, wakashika karakana kutoka Mombasa hadi Jinja. Ujuzi wao waliurithisha ndani ya familia, kama Wasoga walivyofanya kwa mitumbwi, na Mwafrika aliyefanya kazi kwao alijifunza kiasi alichoruhusiwa kuona. Hivyo kijana wa Buwenge wa mwaka 1920 aliona milango miwili, mmoja wenye shule na mwingine usio na shule. Familia yake ilijua upi wa kuubisha.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa hapa, nalo ni zito. Watasema serikali ya kikoloni ilijaribu sana kuwapa Waafrika elimu ya ufundi, na Waafrika wenyewe ndio walioikataa wakitaka vitabu. Ushahidi upo. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na vijana 14 waliosoma useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na kuwa na msomi wa Gold Coast, James Aggrey, ilizunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya mikono, kilimo na afya ya kijiji. Lakini tuangalie nini kilikuwa kinatolewa. Ngazi za mshahara katika utumishi wa serikali zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Seremala Mwafrika hata awe hodari namna gani hakuweza kupanda hadi alipofika seremala Mhindi, wala hakukuwa na mtihani ambao angeufanya ili avuke. Karani angalau angeweza kuwa chifu. Mzazi aliyemwondoa mwanawe kwenye randa na kumpeleka kwenye kalamu alikuwa amepiga hesabu sahihi kabisa. Alichokikataa ni ufundi uliokatiwa ngazi, na huko si kuudharau ufundi wenyewe. Makerere nayo ikafuata hesabu hiyohiyo: haikuchukua muda kuongeza udaktari, ualimu na kilimo, kisha useremala na umakanika ukahamishiwa kwingine, kilima kikabaki cha wasomi.

Hasara ya mpango huo ilionekana wazi siku umeme ulipowashwa. Malkia Elizabeth II alifungua Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954, na Jinja ikawa mji wa viwanda ndani ya muda mfupi. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, maarufu kwa jina la Nytil, kilianzishwa mwaka huohuo. Kikaja kiyeyushio cha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe. Kulikuwa pia na sigara, majembe na baadaye chuma. Na kando yake sukari ya Kakira, ambayo Muljibhai Madhvani alikuwa ameianza mwaka 1930. Cyril na Rhona Sofer walichapisha utafiti wao juu ya mji huo mwaka 1955, na mwanauchumi Walter Elkan akafuata mwaka 1960 na kitabu juu ya wafanyakazi wa Kampala na Jinja. Picha wanayoitoa ni ya mji uliogawanyika kwa rangi, wenye wafanyakazi wengi waliotoka mbali, ambao hawakuacha shamba nyumbani kwao kwa sababu ujira wa mjini haukutosha kuwafanya waache. Wengine wametumia picha hiyo kusema Msoga hakupenda kazi ya kiwandani. Mimi naisoma vingine. Mkulima wa Buwenge mwenye pamba na ndizi aliangalia ujira wa kibarua akaona haumlipi kuacha jembe, naye alikuwa sahihi. Ambacho kingemlipa ni ujira wa fundi umeme au fundi wa mashine za kusokota nyuzi, na ujira huo ulidai ujuzi ambao hakuna mahali karibu naye palipoufundisha kwa mtu kama yeye. Kiwanda kilihitaji mafundi kwa haraka, kikawaagiza waliokwisha iva. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba bwawa lilichukua miaka mitano kujengwa, tangu 1949, na miaka mitano inatosha kabisa kumfundisha fundi.

Mbele ya Buwenge, ukipita Kamuli, iko Namasagali, na habari zake zinaeleza jambo hili kuliko ripoti yoyote ya tume. Reli ya Busoga kutoka Jinja ilifika hapo mwaka 1912 ili kukwepa maporomoko ya Nile. Mizigo na abiria walishuka kwenye treni wakapanda meli za Kyoga. Ilikuwa bandari kamili, yenye gati na reli, na meli za moshi haziendi bila watu wa kuzitunza injini, kuchomelea na kufua vyuma. Mahali kama hapo, katikati ya vijiji vya wakulima, ni chuo cha ufundi ambacho hakijaandikwa jina. Mafuriko makubwa ya miaka ya 1961 na 1962 yaliiua bandari. Majengo yakabaki, na mwaka 1965 yakawa shule ya sekondari, ambayo chini ya Padri Damian Grimes wa shirika la Mill Hill ilijulikana nchi nzima kwa tamthilia, ngoma na nidhamu. Siidharau shule hiyo. Imelea waandishi, wasanii na viongozi. Lakini angalia kilichotokea: mahali palipokuwa na vyuma na ujuzi wa vyuma pakawa mahali pa cheti cha sekondari, na inaelekea hakuna aliyeuliza kama vingeweza kukaa pamoja. Nchi ilikuwa imepata uhuru Oktoba 1962. Ilihitaji maofisa, walimu na makarani wa kushika nafasi za Waingereza, na fedha ikaenda sekondari. Kwa mahitaji ya mwaka ule uamuzi huo unaeleweka. Kosa ni kwamba uliendelea kana kwamba mwaka ule haukwisha.

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na Jinja, mji ambao maduka, karakana na ofisi zake nyingi zilikuwa za Waasia, ulipoteza mafundi wake na mameneja wake kwa mkupuo. Waliogawiwa mali walipewa jina la Kiswahili ambalo Uganda haijalisahau, mafuta mingi, na walichogawiwa kilikuwa mashine, majengo na magari. Ujuzi haukugawiwa, maana ulikuwa umepanda ndege. Uzalishaji wa sukari Kakira ulidondoka vibaya hadi ukoo wa Madhvani uliporejea mwaka 1985. Watu husimulia kuanguka kwa Jinja kama habari ya udikteta tu, nao udikteta ulikuwepo na ulikuwa wa kutisha, lakini nadhani maelezo hayo hayatoshi. Wangefukuzwa wenye mali wakabaki mafundi 1,000 wenyeji waliofundishwa kwa utaratibu tangu mwaka 1950, baadhi ya mashine hizo zingeendelea kunguruma. Mwaka huohuo wa 1972 serikali ilitoa amri iliyoanzisha Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, ya kupima na kuthibitisha ujuzi wa mafundi. Wazo lilikuwa zuri. Lilifika pamoja na msiba ambao lingeweza kuupunguza kama lingefika miaka 20 mapema.

Tangu hapo mwendo umekuwa uleule, nao unaonekana vizuri ukiutazama kwa vyuo vitatu. Makerere ilianza na useremala, ikawa chuo kikuu. Chuo cha ufundi cha Kyambogo, kilichoanza katika miaka ya 1950 kubeba kile Makerere ilichokiacha, kikageuka kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Busitema, kwenye barabara ya Tororo, kulikuwa na chuo cha zana za kilimo kilichoanzishwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1960, mahali pa kujifunza trekta kwa kulifungua na kulifunga. Mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho leo kina tawi hata kule Namasagali. Kila chuo cha ufundi kinachofanikiwa hupandishwa cheo hadi kisiweze tena kumpokea mtoto ambaye kilijengwa kwa ajili yake. Mtu atauliza kama kupanda si maendeleo. Ni maendeleo, na nchi inahitaji wahandisi wa Busitema. Lakini anayepandisha ngazi juu ya dari bila kuacha nyingine chini amewasaidia waliokwisha kuwa juu. Mbale kuna Uganda Technical College Elgon, ambayo imeshika kazi yake ya stashahada na inastahili heshima kwa hilo. Lakini toka Buwenge hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 100, na mlango wake unamtaka mtu aliyekwisha kupata cheti cha kidato cha sita au cheti cha ufundi kutoka kwingine. Aliyeishia darasa la saba hana pa kuanzia huko.

Serikali yenyewe iliwahi kuliona pengo hili. Tume ya Profesa Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti mwaka 1989, na Waraka Mweupe wa mwaka 1992 uliofuata, zilitaka ufundi uingizwe katika elimu yote. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na ilikuwa dhahiri kwamba baada ya miaka 7 wimbi hilo lingemwagika mahali. Jibu lililopangwa lilikuwa vyuo vya ufundi vya jamii, vilivyokusudiwa kufika hadi magombolola, vikimpokea aliyemaliza darasa la saba. Vilivyofunguliwa vilikuwa vichache mno kulinganisha na mpango. Mpango wa Skilling Uganda wa mwaka 2012, na sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 iliyoutangulia, vimerudisha suala hili mezani, na taasisi kama za Iganga na Nawanyago zinafanya kazi. Hata hivyo wazo la gombolola halijatimizwa, na ndilo lililokuwa sahihi. Wamarekani walilifikia kwa njia yao: chuo cha Joliet, Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901 ili kijana asome miaka miwili bila kuhama nyumbani, na mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikataka vyuo kama hivyo vya jamii vienee nchi nzima. Kenya ilianza vyuo vya ufundi vya vijijini baada ya ripoti ya Baraza la Kikristo ya mwaka 1966, na Tanzania ikafungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975. Vyote vina matatizo yake. Lakini ukaribu na nyumbani ni hesabu ya fedha: anayelala kwao halipi kitanda wala chakula, na msimu wa kupalilia haumlazimishi kuacha masomo mwaka mzima. Kwa binti mwenye mtoto mdogo, mara nyingi huo ndio mpaka kati ya kusoma na kutosoma.

Pingamizi kali zaidi lilitolewa mwaka 1965 na Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana akahitimisha kwamba kufundisha ufundi hakuzai ajira, na kwamba wanafunzi husoma soko la kazi vizuri kuliko wapangaji. Amesema kweli, na kwa sehemu ni kweli niliyoitumia hapo juu kuwatetea wazazi wa mwaka 1924. Chuo hakijengi kiwanda. Lakini hoja ya Foster ina nguvu pale kazi zisipokuwepo, na nchi ya Buwenge leo haiko hivyo. Miwa ya wakulima wanaouzia Kakira na viwanda vipya vya Kamuli, Mayuge na Kaliro inabebwa na matrekta na malori yanayoharibika kila siku. Bodaboda zimejaa kila kituo. Nyumba za matofali ya kuchoma zinapanda, zikihitaji waashi, mafundi bomba na wa kutandaza nyaya. Sola inauzwa hata dukani kwa mchuuzi wa sukari. Kazi ipo, na inafanywa. Mara nyingi inafanywa na mtu aliyejifunza kwa kuharibu. Swali ambalo Foster hakulijibu ni nani atakayeifanya vizuri, na kwa malipo gani.

Hapo watu wa gereji husema kwamba gereji ndiyo chuo bora, na kwamba mwenye cheti huja hajui kufungua gurudumu. Wengi wao wanasema kweli juu ya wenye vyeti waliowaona, kwani karakana isiyo na mashine hufundisha ubao tu. Lakini gereji humfundisha mwanagenzi gari lililoletwa wiki hiyo. Haimfundishi kwa nini waya huungua, wala haimpi kitu cha kuonyesha akiomba kazi Jinja. Njia ya kuunganisha gereji na chuo ipo tayari kisheria. Kurugenzi ile ya mwaka 1972 ilikuja kuweka mtihani wa ujuzi uliopatikana kazini: fundi ambaye hakuwahi kukaa darasani anapimwa kwa mikono yake, si kwa insha, na anaandikiwa anachokiweza, kwa ngazi zinazofuatana. Chuo kama kingekuwepo Buwenge kingekuwa mahali pa kufanyia mtihani huo bila kulipa nauli na malazi ya mjini, na mahali pa kujaza jioni kile gereji ilichokiacha: kusoma mchoro, kupima mkondo wa umeme, kuandika makadirio ya kazi. Aliyepimwa ngazi ya kwanza akiwa na miaka 17 angerudi kwa ya pili akiwa na miaka 20, angali anafanya kazi, na baada ya cheti cha ufundi mlango wa Elgon ungekuwa wazi kwake. Huko Mbale angeketi benchi moja na kijana aliyetoka kidato cha sita, naye ndiye ambaye tayari angeijua injini.